Wafanyabiashara wa Mikumi na Uanachama katika Vyama vya Utalii: Kutoka Zama za Ukoloni hadi Mwaka 2024

Utangulizi

Kwa mtazamo wa haraka, kujiunga kwa mfanyabiashara wa Mikumi na chama cha utalii ni suala la kujaza fomu na kulipa ada. Historia ya mji huo inaonesha kwamba suala lenyewe huanza mapema zaidi. Kabla mwenye gesti, mpishi, dereva au mwongoza watalii hajaulizwa kama anayo ada, sharti kwanza atambuliwe kuwa anachokifanya ni biashara ya utalii. Utambuzi huo ndio ulioadimika Mikumi, ingawa mji umepakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964 na wageni wamepita mbele ya milango yake kwa miongo sita.

Insha hii inafuatilia namna vyama vya utalii vilivyoundwa Afrika Mashariki na hasa Tanzania, na inapima nafasi iliyoachwa kwa biashara ndogo za Mikumi katika kila kipindi. Hoja inayojengwa ni kwamba vyama hivyo viliundwa kwa kufuata fani na leseni, huku mahali anapofanyia mtu biashara pakipewa uzito mdogo. Mji uliokua kwa kuwahudumia wapita njia ulikuwa na wateja wengi lakini haukuwa na fani iliyotajwa katika sheria za utalii. Matokeo yake yalionekana wazi zaidi pale fedha za kuendeleza utalii wa kusini zilipotolewa, na zilipositishwa.

Chama kilichoutangulia utalii wa Mikumi

Chama cha kwanza cha utalii cha kikanda katika Afrika Mashariki kiliundwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Mikumi haijawa hifadhi. Hiyo ilikuwa Jumuiya ya Usafiri na Utalii ya Afrika Mashariki, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake cha EATTA, na makao yake yalikuwa Nairobi. Ilizihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikakusanya michango ya serikali za kikoloni pamoja na ile ya kampuni za reli, ndege, meli, hoteli na uwindaji. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitangaza kanda nzima ng'ambo kama eneo moja la safari.

Mambo mawili ya jumuiya hiyo yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mwanachama wa kawaida alikuwa kampuni yenye mtaji, na katika mazingira ya ubaguzi wa kikoloni mtaji wa aina hiyo ulikuwa mikononi mwa Wazungu, na kwa kiasi fulani Waasia. Mwafrika aliingia katika utalii kama mpagazi, mpishi wa kambi, mfuatiliaji wa nyayo za wanyama au mhudumu. La pili ni kwamba njia za safari zilizotangazwa zilianzia Nairobi na Mombasa, hivyo sehemu ya Tanganyika iliyonufaika ni ile iliyokuwa karibu na mpaka: Arusha, Ngorongoro, Serengeti na Kilimanjaro. EATTA haikudumu hata mwongo mmoja baada ya uhuru. Hata hivyo, ramani iliyoichora ilibaki, na wenye hoteli na mawakala wa kaskazini waliendelea kuitumia muda mrefu baada ya jina la jumuiya yenyewe kusahaulika.

Wilaya ya Kilosa katika kipindi hicho ilifahamika kwa mambo mengine kabisa. Kilosa ilikuwa mji wa reli ya kati na wa mashamba ya mkonge. Wageni waliokuja walikuwa manamba, makarani, wafanyabiashara na maofisa wa serikali. Uzoefu wa wilaya katika kujiunga na vyama ulitokana na vyama vya wafanyakazi wa mashamba na vyama vya ushirika vya wakulima. Ni tofauti kubwa na Arusha, ambako kufikia miaka ya 1950 neno «safari» lilikwisha kuwa jina la biashara.

Barabara na wateja wake

Mikumi ya leo imezaliwa na barabara. Ujenzi wa barabara ya Morogoro hadi Iringa katika miaka ya 1950 uliufungua uwanda wa Mkata, na mwaka 1964 serikali ikautangaza kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1975 hifadhi ilipanuliwa, na eneo lake sasa ni kilomita za mraba 3,230. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 reli ya tawi ilitoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, ikifuata miwa ya bonde la Kilombero, na baada ya uhuru barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami. Mikumi ukawa mji wa njia panda: upande mmoja Iringa, Mbeya na Tunduma, upande mwingine Kidatu na Ifakara. Malori, mabasi na mizani ya magari vikaujenga mji.

Hapa pana jambo ambalo halina mfano wa karibu katika hifadhi za kaskazini. Barabara kuu hupita ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, na abiria wa basi la kawaida la Mbeya huona twiga, nyati, swala na mara nyingine tembo bila kulipa kiingilio. Dereva hudaiwa kupunguza mwendo, na akimgonga mnyama hutozwa faini, lakini kutazama ni bure. Kwa hiyo watu wengi zaidi wameiona Mikumi kupitia dirisha la basi kuliko kupitia lango la Kikoboga. Hakuna takwimu za utalii zinazowahesabu. Abiria huyo akishuka Mikumi kula wali au kununua maji, aliyemhudumia hahesabiwi pia.

Sekta rasmi ilijengwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 utalii ulikuwa chini ya Shirika la Utalii Tanzania (TTC), ambalo lilimiliki hoteli kadhaa katika hifadhi, ikiwamo Mikumi Wildlife Lodge. Kwa mantiki ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hapakuwa na haja ya chama cha wafanyabiashara binafsi wa utalii, kwa kuwa umma wenyewe ndio uliokuwa mfanyabiashara. Mkazi wa Mikumi aliweza kuajiriwa katika hoteli ya shirika. Kuwa mshirika wake katika biashara lilikuwa wazo lisilo na nafasi. Kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977 kuliipa hifadhi iliyo umbali wa kilomita 283 hivi kutoka Dar es Salaam umuhimu wa muda, kwa kuwa ilifikika bila kupitia Nairobi. Umuhimu huo haukuleta mageuzi yoyote ya umiliki mjini.

Katika mji wenyewe, nyumba za kulala wageni na migahawa vilikua kwa kasi yao, nje ya mipango ya shirika. Kwa upande wa serikali za mitaa, nyumba hizo zilikuwa chanzo cha ushuru wa nyumba za kulala wageni. Hili ndilo daftari lililozitambua. Mwenye gesti alifahamika kwa bwana afya na kwa mkusanya ushuru wa halmashauri; Wizara yenye dhamana ya utalii haikuwa na sababu ya kumfahamu, maana mgeni wake alikuwa utingo, mwalimu anayehamia kituo kipya, au mchuuzi wa mchele kutoka Ifakara. Ni vigumu kuilaumu wizara kwa hilo. Lakini ni vigumu vilevile kukubali kwamba mwalimu huyo, akiamka asubuhi akaingia hifadhini na wanafunzi wake, aliyemlaza usiku hakushiriki katika utalii.

Mlango wa Arusha

Sheria ya leseni za mawakala wa utalii ya mwaka 1969 iliweka msingi kwamba anayeandaa safari za watalii sharti awe na leseni. Uchumi ulipoanza kulegezwa, leseni hiyo ikawa pia msingi wa vyama. Chama cha Mawakala wa Utalii Tanzania (TATO) kiliundwa mwaka 1983, mwaka ambao mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena, na makao yake yakawa Arusha. Sera ya Taifa ya Utalii ilitolewa mwaka 1991 na kurekebishwa mwaka 1999. TTC ilivunjwa, Bodi ya Utalii Tanzania ikaanzishwa mwaka 1993, na hoteli za umma zikaanza kuuzwa kwa watu binafsi. Wenye hoteli nao wakawa na chama chao, HAT. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama vya namna hii vikaungana katika Shirikisho la Utalii Tanzania, lililojengwa kama chama cha vyama.

Muundo huo una maana kubwa kwa Mikumi. Njia ya kawaida ya kusikika katika shirikisho hupitia chama cha fani, na fani nayo hutambuliwa kwa leseni. Kwa miaka mingi ada ya leseni ya wakala mzawa ilikuwa dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, kabla ya kupunguzwa hadi dola 500 kwa mawakala wadogo. Mtu wa Mikumi mwenye gari moja la kuwapeleka wageni hifadhini alikuwa na njia mbili: kulipa kiasi kilichopangwa kwa kuzingatia kampuni ya Arusha yenye msururu wa magari, au kubaki dereva wa kukodiwa asiye na jina katika orodha yoyote. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya ile ya 1969, ilitenga baadhi ya shughuli kwa raia pekee, zikiwamo kuongoza watalii na kukodisha magari. Kwa maandishi, hatua hiyo ilimlinda mzawa. Katika utekelezaji ilimlinda mzawa mwenye leseni.

Ipo pia tofauti ya nguvu ya hoja. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza kutozwa kwenye huduma za utalii mwezi Julai 2016, mawakala walipinga hadharani, wakieleza kwamba bei za safari zilikwisha kukubaliwa na wateja wa nje mapema. Walikuwa na ofisi, katibu mtendaji na wanasheria wa kuisema hoja hiyo. Tozo ya maendeleo ya utalii iliyoanza mwaka 2013, ambayo kwa upande wa malazi ilikuwa dola 1.5 kwa usiku mmoja wa mgeni, nayo ilijadiliwa na wenye hoteli kupitia vyama vyao. Mwenye gesti ya Mikumi anapolalamikia ushuru, jukwaa lake ni diwani.

Ikumbukwe kwamba muundo wa fani si wa lazima. Katika pwani ya Kenya kilikuwapo kwa muda mrefu chama cha watalii cha Mombasa na Pwani, ambacho kiliwakusanya wenye hoteli, mawakala na watoa huduma wengine kwa sababu moja ya kuwa pwani. Chama cha mahali cha aina hiyo kina udhaifu wake, kwa kuwa hoteli kubwa huweza kukitawala kwa urahisi. Lakini kinampa mwenye mgahawa sababu ya kukaa meza moja na mwenye hoteli, na huwalazimisha wote wawili kuzungumzia barabara, taka na usalama wa mji mmoja. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine, na athari zake ziliwaangukia zaidi wale waliokuwa mbali na Arusha.

Kijiji kama mwanachama

Mlango wa pili ulifunguliwa katikati ya miaka ya 1990. Bodi ya Utalii Tanzania, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, ilianzisha Programu ya Utalii wa Utamaduni katika vijiji vya kaskazini, Mto wa Mbu na Longido vikiwa miongoni mwa vya kwanza. Mgeni alilipa kwa kutembezwa shambani, kula chakula kilichopikwa na kina mama wa kijiji na kusikiliza historia ya wenyeji, na sehemu ya malipo ilitengwa kwa ajili ya mradi wa kijiji, kama darasa au zahanati. Msaada wa Uholanzi ulipofikia ukingoni, waandaaji wa miradi hiyo waliunda chama chao, TACTO, mwaka 2001.

Kwa mara ya kwanza uanachama katika chama cha utalii haukudai gari wala jengo. Ulidai kikundi, waongozaji wanaojua eneo lao, na makubaliano na serikali ya kijiji. Vigezo hivyo viliweza kutimizwa na watu wa Mikumi. Milima ya Uvidunda iko karibu. Wavidunda, Wasagara na Wakaguru wana historia na ufundi ambao mgeni angependa kuufahamu. Na kusini yake kuna Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye maporomoko ya Sanje. Katika Mkoa wa Morogoro, hata hivyo, utalii wa utamaduni ulijulikana zaidi katika milima ya Uluguru na mji wa Morogoro, ambako kikundi cha Chilunga kilijijengea jina.

Sababu ya Mikumi kubaki nyuma haipaswi kutafutwa katika uzembe wa wenyeji. Utalii wa utamaduni unahitaji mgeni mwenye saa kadhaa za ziada. Kaskazini, Mto wa Mbu uko kwenye njia ya magari yanayoelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na wakala anaweza kuuza matembezi ya kijiji kama nusu siku ya kupumzika kati ya hifadhi mbili. Mgeni wa Mikumi kwa kawaida hutoka Dar es Salaam kwa siku moja au mbili, huingia hifadhini na kurudi. Tena kijiji cha kawaida, chenye serikali yake na mkutano mkuu wake, ni rahisi kukifanya mwanachama. Mikumi ni mji mdogo wa watu waliotoka pande nyingi za nchi, wengi wakiwa wapangaji, na swali la nani aseme kwa niaba ya «utamaduni wa Mikumi» halina jibu jepesi.

Mpango wa TANAPA wa ujirani mwema, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, ulijaribu kuziba pengo kwa upande mwingine. Kupitia mpango huo vijiji vinavyopakana na hifadhi vilijengewa madarasa, zahanati na visima. Manufaa hayo ni ya kweli. Hata hivyo yalimtambua jirani kama mpokeaji wa huduma za jamii, na uhusiano wa namna hiyo haumpi mkulima mkataba wa kuuza mboga kwa hoteli iliyo ndani ya hifadhi.

Fedha za kusini

Mwezi Septemba 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi uliofahamika kama REGROW, wenye lengo la kukuza utalii wa kusini. Mikumi ilikuwa miongoni mwa maeneo manne ya kipaumbele, pamoja na Ruaha, Udzungwa na sehemu ya Selous ambayo mwaka 2019 iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mradi ulizinduliwa Iringa mwezi Februari 2018 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Ulipanga barabara za ndani ya hifadhi, viwanja vya ndege, malango na majengo ya wageni, na kwa upande wa jamii ulitegemea zaidi vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoitwa COCOBA.

Mgawanyo huo unarudia sura ya zamani kwa fedha nyingi zaidi. Miundombinu iliwekwa hifadhini. Wananchi waliwekwa katika vikundi vya mikopo ya ufugaji wa nyuki, kuku na biashara ndogo. Kati ya pande hizo mbili ndipo palipokuwa na gesti, migahawa, magari na waongozaji wa mji, yaani biashara ambazo utalii ukikua hukua nao, na ukianguka huanguka nao. Iringa, makao ya mzunguko wa kusini, ilipata maonesho ya Karibu Kusini ambako wafanyabiashara wa mikoa kadhaa walikutana na wakala na wizara. Maonesho ni jukwaa la kujitangaza, na kwa Mikumi yalikuwa na faida. Lakini yakimalizika, mabanda hubomolewa, na hakuna katibu anayebaki na mafaili.

Udhaifu huo ulijitokeza mradi ulipoyumba. Malalamiko kuhusu haki za wakazi waliopakana na Hifadhi ya Ruaha, hususan upande wa Mbarali, yaliifikia Benki ya Dunia. Mwezi Aprili 2024 Benki ilisitisha utoaji wa fedha, na mwezi Novemba mwaka huo mradi ukafutwa kwa sehemu iliyobaki. Malalamiko ya wakazi wa Mbarali yalihusu ardhi na uhai wao, na uzito wake hauwezi kulinganishwa na mapato ya mwenye gesti. Ila uamuzi uliotokana nayo uliigusa Mikumi vilevile. Shauri hilo lilikuwa na pande zilizojulikana: wakazi na watetezi wao, serikali, na Benki. Biashara ndogo za miji ya hifadhi nyingine tatu hazikuwa upande wowote, kwa kuwa hazikuwa na chombo cha kuzifanya upande.

Mwaka huohuo wa 2024 njia za kufika Mikumi zilibadilika. Treni ya reli ya kisasa ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni, na kufikia Agosti ilikuwa imefika Dodoma, ikipitia Kilosa. Makao ya wilaya yakapata tena stesheni yenye wageni, baada ya miaka mingi ya reli ya zamani kukatwa na mafuriko kama yale ya msimu wa 2009 na 2010. Kwa upande wa anga, ndege ndogo kutoka Zanzibar zimekuwa zikileta watalii wa pwani kwa safari ya siku moja. Hutua asubuhi katika kiwanja cha Kikoboga, hupokewa na gari la wakala, huona simba na viboko, hula mchana hifadhini na kuruka alasiri. Tikiti, chakula, gari na mwongozaji huwa vimelipiwa Unguja, kwa wakala mwenye leseni na chama chake.

Kutoka lango la Kikoboga hadi mji wa Mikumi ni kilomita zipatazo 20 za lami, mwendo usiozidi nusu saa hata kwa kufuata alama za mwendo zilizowekwa kwa ajili ya wanyama. Jioni, ndege zinapokuwa zimekwisha ondoka, mabasi ya Mbeya na Ifakara husimama mjini, abiria hushuka, na wachuuzi huyakimbilia madirisha.